Kilima Nilichokigeuza

Siku ya kwanza kazini sikupewa kamera. Nilipewa kiti, rula ya chuma na wembe, nikaambiwa nikate. Ilikuwa Kasulu mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika studio ya Bwana Abdala, mtu wa Tanga aliyekuja bara kutafuta maisha, akaoa, akabaki. Aliniwekea mbele yangu rundo la picha zilizoharibika, akasema, "Binti, kubonyeza kamera hata mlevi anaweza. Kazi iko kwenye kukata. Hizo zimeshakufa, huna utakachoharibu. Nionyeshe cha kubaki."

Nilikata toka asubuhi hadi adhuhuri. Kila niliyompelekea aliitazama kidogo, akaitupa pipani. Mwisho akaniuliza kama nimekuja kujifunza picha au kuchinja kuku. Nililia nyuma ya nyumba, nikanawa uso, nikarudi kitini. Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Nawaandikia ninyi mnaokata picha kwa kidole kwenye simu ili mjue ilivyokuwa, ingawa hiyo si sababu yangu kubwa ya kuandika. Sababu yangu ni bonde moja la Nyakitonto, na mtu mmoja aitwaye Nestori aliyefukuzwa pale kwa ajili ya picha yangu.

Bwana Abdala alinifundisha chumba cha giza. Kilikuwa stoo yake ya zamani, dirisha limezibwa kwa blanketi, ndani taa moja nyekundu na trei tatu za dawa: ya kwanza ya kuibua picha, ya pili ya kuisimamisha, ya tatu ya kuifanya isifutike. Filamu ikishasafishwa inaitwa negativu, na ndani yake mweupe ni mweusi na mweusi ni mweupe. Unaiweka kwenye mashine ya kukuzia, mwanga unapita ndani yake, unaangukia karatasi iliyo chini. Negativu ina nyuso mbili, mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na uliofifia ndio hutazama karatasi. Ukiiweka kinyume picha inatoka vilevile nzuri, ila kushoto kumekuwa kulia. Studioni kosa hilo halijifichi. Mwenye kovu shavu la kulia anarudi akifoka kwamba kovu lake limehama.

Nilifanya kosa hilo mara mbili tu. Mara ya tatu nilifanya kwa kusudi, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Baada ya miaka mitatu hivi nilihamia Kibondo. Kulikuwa na mradi wa kulinda mabonde na ndege wake, wenye ofisi ya vyumba vinne na gari moja, na walitafuta fundi wa chumba cha giza. Mpiga picha waliyekuwa naye hakukaa. Alisema Kibondo kuna vumbi na baridi kwa pamoja, akarudi alikotoka. Mkuu wa Mradi akaniita, akanikabidhi kamera yenye lenzi ndefu kama mchi, akasema, "Konsolata, kuanzia leo wewe ndiye Kitengo cha Picha." Kitengo chenyewe kilikuwa mimi na ndoo mbili za maji.

Mkuu wa Mradi alikuwa mtu wa sauti ya chini, hajawahi kumfokea mtu, na hajawahi kubadili neno lake. Alitaka ndege wanaoruka. Waliotua hakuwataka kabisa. "Aliyetua ni picha ya kitabu cha shule," alikuwa akisema. "Mimi nataka aliyeamua kuondoka."

Basi nikajifunza kuwangoja. Ndege mkubwa hanyanyuki ghafla, huinamisha shingo, hutazama upepo unakotoka, hukimbia hatua chache, ndipo huachia ardhi. Ukibonyeza alipokwisha kuinuka umechelewa, una matumbo na miguu tu. Unabonyeza wakati kidole cha mwisho bado kiko kwenye maji. Kurudi ofisini, unachapa picha zote ndogondogo kwenye karatasi moja, unachukua vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kwa umbo la herufi L, unavitelezesha juu ya kila picha mpaka upate pembe nne unazozitaka. Hapo unachora mpaka kwa penseli ya nta. Bawa halikatwi kwenye kiwiko. Mbele ya mdomo pana nafasi kubwa kuliko nyuma ya mkia. Cha kumsumbua mtazamaji kinatoka, hata kama wewe unakipenda.

Sasa nije Nyakitonto. Mjomba wangu Bukuru, kaka wa marehemu mama, alikuwa na shamba kandokando ya bonde la matete. Humo walizaliana korongo taji, ambao kwa Kiha tunawaita imisambi, wale wenye taji la dhahabu kichwani na kidevu chekundu. Mjomba alikuwa mgomvi. Aligombana na watu wa maji, watu wa mipaka, na padri juu ya kengele. Lakini matete yale hakuruhusu mtu ayaguse. Watoto hakujaliwa. Kila asubuhi alisimama ukingoni na kikombe chake cha maji, anasukutua na kuwahesabu korongo, na siku hesabu ikipungua hakuna aliyemsogelea mpaka jua lipande.

Aliyekuwa akimsaidia kulinda ni Nestori. Huyu aliletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia kwetu, akaoa kwetu. Mjomba alikuwa amemwazima kipande cha ardhi upande wa juu wa bonde, akalima maharage na mihogo. Mimi aliniita dada, nami nilimwita kaka, na sikuwa naigiza.

Miaka ile kulikuwa na wageni waliokuwa wakinunua ndege hai. Walikaa kwenye nyumba za wageni za Kasulu wakiulizia kasuku, wakiulizia korongo. Bonde la mjomba hawakulijua, kwa kuwa liko ndani, nyuma ya kilima, na njia yake haionekani barabarani. Kwa hiyo nilipomwomba mjomba ruhusa ya kupiga picha, alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti.

"Piga hao ndege, mwishwa wanje," aliniambia, yaani mpwa wangu. "Lakini kilima kisionekane. Muha yeyote akikiona kile kilima anajua ni hapa."

"Hakitaonekana, mjomba."

"Sema tena."

"Hakitaonekana."

Nestori alikuwa amesimama pale na jembe lake begani, akasikia.

Kilima chenyewe jina lake silitaji hata leo. Kina bega pana upande wa kushoto, kisha pengo, kisha kichwa kidogo kilichoinama kulia. Sisi watu wa huku hatuna vibao vya barabarani. Tunajua tuliko kwa umbo la kilima kilicho mbele yetu.

Nilikaa kwenye matete siku nne. Asubuhi ya nne ukungu ulikuwa umelala nusu ya bonde, upepo ukaja kutoka kulia, na korongo saba wakaanza kukimbia kwa pamoja. Nilibonyeza. Nilijua palepale, kabla ya kuisafisha filamu, kwamba sitapiga nyingine kama hiyo. Wawili walikuwa juu, watatu wanaachia maji, wawili bado wanakimbia, na nyuma yao, juu ya ukungu, kilima chote, bega na pengo na kichwa.

Kibondo niliichapa nikiwa nimekata kilima, kama nilivyoahidi. Mkuu wa Mradi akaiweka mezani, akainamia.

"Hapa juu palikuwa na nini?"

"Kilima, mkuu."

"Nichapie pamoja na kilima nione."

Nikachapa. Akaziweka zote mbili ubavu kwa ubavu. "Konsolata, bila kilima hawa ni kuku waliotishwa. Kilima ndicho kinachosema wanaondoka wapi. Hii ndiyo kalenda yetu."

Nikamweleza ahadi yangu kwa mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya chini, "Huko Dar es Salaam nani anakijua kilima cha mjomba wako? Kesho kutwa gari linapeleka kazi kiwandani ikachapwe."

Nilirudi chumba cha giza nikafunga mlango. Ningeweza kusema negativu imechanika. Ningeweza kumpa picha nyingine. Lakini niliipenda picha ile, na huo ndio ukweli ninaoona aibu kuuandika. Niliipenda zaidi ikiwa na kilima. Nikatafuta njia ya kutimiza ahadi bila kuipoteza, nikaipata: nikaitoa negativu kwenye mashine, nikaigeuza, uso unaong'aa chini, nikachapa. Bega likaenda kulia, kichwa kikaenda kushoto. Nilikaa nikitazama kilima ambacho hakipo popote duniani, nikacheka peke yangu kwenye ile taa nyekundu. Mkuu wa Mradi hakugundua kitu. Korongo hana kovu la shavuni.

Kalenda zilipotoka, nilizipeleka mbili Nyakitonto mwenyewe, moja ya mjomba na moja ya Nestori. Mjomba aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza, akaitenga.

"Hawa ni wangu," akasema. "Lakini huku ni wapi?"

Nikamweleza nilivyofanya. Mjomba Bukuru alicheka mpaka akaketi chini. Alisema mama yangu angekuwa hai angepika pombe. Nestori alicheka kwa sababu mjomba amecheka, akaikunja kalenda yake vizuri, akaenda nayo nyumbani.

Miezi miwili baadaye wakaja. Walikuja alfajiri na nyavu na tanzi za kamba, wakati korongo wana makinda ambayo bado hayajui kuruka na wazazi hawataki kuyaacha. Mjomba alikuwa amekwenda kwenye msiba Kasulu, na Nestori alikuwa hospitali na mkewe aliyekuwa akijifungua. Waliwafunga miguu, wakawatia kwenye matenga, wakawabeba mpaka kwenye gari lililofichwa kando ya barabara. Makinda waliyaacha, na mwewe wakamaliza kazi. Niliitwa, nikafika siku ya tatu. Bonde lilikuwa kimya, na manyoya yalikuwa yakielea kila mahali kwenye maji. Kamera sikuitoa mfukoni mwake.

Mjomba alikuwa ukingoni na Nestori mbele yake. Watu kadhaa walisimama pembeni.

"Kalenda haikusema," mjomba alisema. "Mwishwa wanje aliigeuza, hata mimi mwenyewe sikupajua. Basi ni nani kasema? Waliojua kwamba picha ile ni ya hapa ni watatu. Mimi sikusema. Huyu Konsolata ni damu yangu."

"Mzee, mimi nilikuwa hospitali," Nestori alisema.

"Ego, ndiyo, ulikuwa hospitali. Na siku hiyohiyo ndiyo wamekuja. Nani aliwaambia kwamba hupo?"

Nestori alinigeukia. Nami nilimtazama na kuwaza kwamba mjomba amehesabu sawasawa, watatu, kutoa wawili. Nilijivunia ule ujanja wangu kiasi cha kuamini kwamba haukuwa na tundu. Nikatazama chini.

Mjomba alichukua ardhi yake. Ulikuwa wakati mbaya kwa mtu mwenye asili ya Burundi kutokuwa na mwenye kumsemea, kwa maana kila mkimbizi aliyeingia aliwafanya watu wawaulize upya hata waliokulia hapa. Kijijini hakuna aliyempa Nestori shamba jingine. Kabla ya mwezi kwisha alifunga mzigo wake, akamchukua mkewe na kichanga, wakaenda kwenye kambi upande wa Kibondo, wakaandikishwa kama watu waliovuka mpaka jana.

Sasa kinyozi. Mimi hunyoa nywele fupi, dawa za picha na nywele ndefu havipatani. Nilikuwa Kasulu kikazi, nikaingia kwa Shabani pale sokoni, nikakaa kitini, akanifunga shuka shingoni. Nikainua macho kwenye kioo. Ukutani nyuma yangu ilining'inia kalenda ya mradi, na ndani ya kioo nikaona bega kushoto, pengo, na kichwa kidogo kimeinama kulia. Kioo kilikuwa kimekirudisha kilima mahali pake.

Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu Shabani alisimamisha mashine.

"Nimekukata, dada?"

"Hapana. Hiyo kalenda."

"Ah, hiyo bwana imewapagawisha watu! Kuna kijana wa Nyakitonto alikaa hapohapo ulipokaa, akaruka, 'Mbona huku ni kwetu!' Akasimama aiangalie ukutani, akasema hapana, si kwetu. Akakaa, akatazama kiooni, akasema ndiko. Tulicheka sana siku hiyo. Jamaa mmoja alikuwa kwenye benchi anasubiri zamu, akamuuliza ni wapi huko. Dogo akamwelekeza mpaka njia ya kupitia."

"Jamaa gani?"

"Mgeni tu. Wale wa kununua ndege."

Nilitoka na kichwa kilichonyolewa nusu. Nilitembea mpaka stendi, nikakaa. Gari la Nyakitonto lilikuwa pale linapakia, na la Kibondo lilikuwa pale linapakia. Kama ningepanda la Nyakitonto, jioni ile mjomba angejua. Nilipanda la Kibondo.

Msinitafutie udhuru, nimeshajitafutia wote. Nilimwogopa mjomba, ambaye mimi ndiye damu yake pekee iliyobaki. Mkuu wa Mradi alikuwa amependekeza nipewe ajira ya kudumu, na nilihofu ikijulikana kwamba kalenda ndiyo iliyowaita wale watu, mradi wote utanilaumu. Nilijiambia nitasema Jumapili. Jumapili ikapita, nikajiambia Pasaka. Kadiri nilivyochelewa, ndivyo kosa la kuchelewa lilivyozidi lile la kwanza. Baadaye nikajiambia kwamba Nestori ameshazoea huko aliko, na hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kujiambia. Kambi ile ilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka mezani pangu.

Mjomba alifyeka matete mwaka uliofuata, akapanda kabichi. Alisema hataki kuamka anatazama mahali patupu. Alikufa kabla ya ile miaka ya tisini kwisha, akimlaani Nestori, na mimi nikiwa nimemshika mkono. Hata hapo sikusema.

Kazi iliendelea. Mradi ulifungwa, nikaajiriwa na ofisi nyingine Kasulu, nikawafundisha vijana kukata picha, filamu zikaisha, kompyuta zikaja. Nilipiga ndege wengine wengi na nilipewa vyeti. Siku ya kustaafu walinikalisha meza ya mbele, mtu aliyezaliwa baada ya hayo yote akasoma kwenye karatasi kwamba mchango wangu katika kuwalinda korongo taji hautasahaulika. Watu wakapiga makofi. Nikaisukuma kando sahani ya wali.

Vijana wananiuliza nini kinamfanya mtu kuwa fundi mzuri wa picha. Nilizoea kujibu kuhusu upepo, na kidole cha mwisho kwenye maji. Siku hizi nawaambia sijui. Nilijua kila kitu cha kujua juu ya pembe nne za karatasi, na sikuwahi kujiuliza karatasi itatundikwa wapi.

Wiki iliyofuata ile sherehe ya kustaafu nilipanda gari kwenda Busunzu. Nilikuwa nimesikia kwamba Nestori alitoka kambini, akapata uraia, na analima huko. Nilimkuta uani, mzee sasa kama mimi, anapukuchua mahindi juu ya turubai. Alinitambua kabla sijasalimia. Alimwita mkewe alete kiti. Nilikataa kukaa, nikasema yote nikiwa nimesimama, la kinyozi, la kijana wa Nyakitonto, la mgeni wa kwenye benchi. Nestori aliendelea kupukuchua.

"Hilo la kioo nalijua, dada," akasema nilipomaliza.

"Unalijua?"

"Kalenda yako tulikwenda nayo kambini. Mke wangu aliipenda, akaining'iniza kwenye hema. Siku moja nanyoa ndevu na kakioo kangu, naona kilima cha shambani kwangu. Nikageuka, hakipo. Nikatazama tena kiooni, kipo. Nikamwita mama huyu, nikamwonyesha. Nikamwambia, basi ndiyo hiyo iliyosema. Tena tulifurahi siku ile, nakwambia kweli. Nikasema, Konsolata ni fundi, vioo viko kila mahali, naye atakiona. Akikiona tu, atakuja kutusemea kwa mzee." Akachukua gunzi jingine. "Tukangoja."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi. Hakukileta.

"Nilikuwa nikimwambia kila mwaka, bado hajakiona," Nestori alisema. Ndipo akaacha mahindi, akainua macho. "Wewe ulikuja kukiona lini, dada?"

Nilikuwa nimekwenda kule kusema ukweli, nikausema.

"Mwaka uleule."